Dawa za mtu asiyeumwa

Mgonjwa aliye kitandani hahitaji kukumbushwa dawa. Maumivu yenyewe humkumbusha. Mtihani huja anapopata nafuu. Mume wangu ameishi na vidonda vya utumbo mpana kwa miaka sita sasa, na magomvi yetu yote kuhusu dawa yametokea akiwa mzima, amevaa kanzu yake, anaelekea sokoni.

Maradhi haya si vile vidonda vya tumbo vinavyofahamika na wengi. Haya hukaa chini: ukuta wa ndani wa utumbo mpana huvimba na kuchubuka, na mgonjwa huenda chooni mara nyingi kwa siku, akitoa kamasi na damu. Hayaambukizi. Hapa Songea tulizunguka karibu mwaka mzima na dawa za amiba na za bawasiri, hata tukafunga safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Huko alipimwa kwa mpira wenye kamera, ndipo ugonjwa ukajulikana.

Aliandikiwa salfasalazini, vidonge vinne kila siku baada ya chakula, pamoja na foliki asidi. Dawa hiyo ni ya zamani: daktari mmoja wa Sweden, Bi Nanna Svartz, alichapisha habari zake mwaka 1942, naye alikuwa akitafuta tiba ya maumivu ya viungo. Mola hufungua mlango asioukusudia mja.

Damu ilipokoma, mume wangu alikaa miezi mitatu, kisha akaanza kumeza viwili badala ya vinne, hatimaye akaacha. “Mama watoto,” aliniambia, “mtu aliyepona anywe dawa ya nini?” Nisimwonee: vidonge hivyo twaagiza Dar es Salaam kwa basi, huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na fedha yake ingetosha mfuko wa mbolea.

Kabla ya mavuno damu ikarudi. Alikonda mno. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa msikiti: Ijumaa saba mfululizo aliswali adhuhuri nyumbani, kwa kuwa hakuweza kustahimili hotuba bila kutoka, akaona haya kupita mbele ya watu. Ramadhani nayo ikamkuta hivyo. Qur’ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, naye aliijua ruhusa hiyo; hata hivyo, kula mchana mbele ya wanawe kulimliza.

Daktari alitueleza kwamba dawa hii haing’oi ugonjwa, bali huuzuia usiamke. Alitutajia utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 juu ya dawa ya jamii hiyo: wagonjwa 99 waliokuwa wametulia walifuatiliwa, na wasiotimiza dozi walikuwa katika hatari ya kurudiwa zaidi ya mara tano kuliko wenzao. Tena utumbo ukivimba miaka mingi, hatari ya saratani huongezeka. Alimtahadharisha pia na diklofenaki anazojinunulia kwa ajili ya mgongo.

Ramadhani iliyofuata alifunga kwa idhini ya daktari, vidonge viwili baada ya kufuturu na viwili wakati wa daku. Na sasa kila tukiuza mahindi, fedha ya dawa za miezi mitatu hutengwa kwanza, kabla ya ada za shule. Mama mkwe wangu bado hajaridhika na mpango huo. Kwa macho yake, mwanawe hana ugonjwa.