Kunga Isiyo na Kungwi

Mabogini, chini kidogo ya mji wa Moshi, ni nchi ya mpunga. Maji ya chemchemi ya Njoro na ya mto Rau huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, na kila mkulima huyangoja kwa zamu. Huko ndiko mwanamke mmoja, aliyekwisha kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi, alikomwambia wifi yake kwa sauti ya chini: "Wifi, kwangu maji hayafiki tena." Wifi akamshauri amwone msimamizi wa mfereji.

Hakuwa na neno jingine. Mionzi huziua seli za saratani, lakini haipiti bila ya kuacha athari: uke hukauka, hufupika na kubana, ovari hunyamaza, hedhi ikakoma kabla ya wakati wake na joto la ghafla likamwamsha mtu usiku. Tendo la ndoa huwa maumivu, na pengine damu. Na kila tone la damu humrejesha mwanamke kwenye siku ile alipoligundua donda lake. Karatasi ya ruhusa ilimwambia ale vizuri na arudi kliniki. Juu ya kitanda cha ndoa haikusema lolote.

Mumewe alihamia chumba cha watoto. Si kwa ukatili. Alichelea kumuumiza, alichelea kuambukizwa, na tena yalikuwapo maneno ya majirani kwamba ugonjwa huo ni wa wanawake wasiotulia. Saratani haiambukizi kitandani. Kirusi kinachoileta, ndicho hicho ambacho chanjo yake ilijaribiwa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 na kuenezwa Tanzania nzima mwaka 2018, huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, wala hakitoi ushahidi wa nani alimletea nani. Lakini nani angeyasema hayo, na wapi?

Msomaji wa Visiwani huenda akatabasamu. Kwetu mwari alikuwa na somo wake. Unyago ulikuwa na ngoma yake, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa kuwafunda mabinti mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Asitabasamu sana. Kungwi gani, hata huku, aliwahi kumfunda mwanamke namna ya kuurudia mwili uliopita kwenye mionzi? Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wagonjwa watibiwe. Hesabu njema, kitanda hakimo.

Na kunga yenyewe si ndefu. Muuguzi mmoja aliieleza kwa muda mfupi, mlango umefungwa, mume na mke wameketi pamoja: kipanuzi laini, kitumike mara chache kwa wiki baada ya vidonda kupona, ili njia isizibe, kilainishi cha maji, papara ziachwe, na damu isiyo ya kawaida isifichwe, iletwe kliniki. Mke aliitazama sakafu muda wote. Mume ndiye aliyeuliza:

"Kwa hiyo, sista, nitajuaje kama namuumiza?"

Muuguzi akamjibu kwamba mwenye jibu amekaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, wakageukiana.