Taa Isiyowaka: Benzi ya Mwaka 1983 Vickery Meadow

Ukishuka kwenye treni ya DART kituo cha Park Lane, Dallas, una pande mbili za kwenda. Magharibi, ng'ambo ya barabara kuu ya Central Expressway, kuna NorthPark, jengo la maduka ambamo watu hununua mkoba mmoja kwa bei ya kodi ya miezi mitatu. Mashariki, kwa miguu, unafika Five Points, njia panda ambapo Park Lane, Fair Oaks na Ridgecrest hukutana. Hapo ndipo Vickery Meadow. Utawaona akina mama wa Burma na vikapu vyao, Waeritrea wakitoka kanisani wamevaa nyeupe, na mama wa Kikongo aliyefunga kitenge juu ya koti la baridi. Kiswahili utakisikia kabla hujakitafuta.

Wengi wetu tuliofikia hapa hatujiulizi kwa nini majumba haya ni mengi hivi na viwanja vya watoto ni vichache hivi. Sababu ipo. Mengi yalijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana wasio na watoto, wenye kazi nzuri, wanaotaka bwawa la kuogelea na kelele za Jumamosi usiku. Familia zenye watoto zilikuwa haziruhusiwi katika mengi ya majengo hayo. Mwaka 1988 sheria ya nchi kuhusu haki ya makazi ilibadilishwa, ikawa marufuku kumkatalia mpangaji kwa sababu ana watoto. Vijana wakahamia kwingine, kodi zikashuka, na baadaye mashirika ya wakimbizi yakaona hapa pana nafasi. Mabwawa mengi yamefukiwa. Watoto huchezea kwenye maegesho ya magari, na mafundi wa bure kama mimi tunafanyia kazi hapo hapo, tukiwaomba wasogeze mpira.

Siku hiyo ya Januari nilikuwa kwenye maegesho kwa sababu ya karatasi ya rangi ya chungwa. Ofisi ya majengo ilikuwa imeibandika kwenye kioo cha gari la jirani yangu, mzee wa Bukavu: gari halitembei, lina siku 10, baada ya hapo litavutwa. Na gari likishavutwa hapa Dallas, kulikomboa ni pesa, na kila siku linalolala kule ni pesa nyingine. Mzee hufanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo kusini mwa Dallas. Zamu yake huisha saa kumi alfajiri, na saa hiyo hakuna basi la kumleta. Wiki ile alikuwa amekosa siku mbili, na msimamizi alikwisha kumwambia kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 300D ya mwaka 1983, lile umbo ambalo kiwandani liliitwa W123. Kwetu Tanga, nilipokuwa mdogo, aliyeshuka kwenye gari hilo alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge au mkubwa wa serikali. Neno "wabenzi" halikutoka hewani. Mzee naye aliwahi kuliendesha la namna hiyo Bukavu, akiwa dereva wa tajiri mmoja kabla ya vita ya 1996. Alipofika Texas, mzee mmoja wa kanisa lililompokea alikuwa na lake limelala gerejini. Akampa kwa bei ya salamu. Kwa hiyo mkimwona analisugua kila Jumapili, msicheke.

"Jambo, Papa," nilimsalimu. Nilikwisha kujifunza kwamba shikamoo yangu haimwingii. Kwao watu hawaitumii.

"Jambo sana. Motokari ni nzima," akaniambia kabla sijauliza. "Batri tu ndiyo mubovu. Hii ni ya tatu."

Betri ya tatu katika miezi mitano. Ukisikia hivyo, msomaji, acha kuilaumu betri. Kila mara alikuwa amekwenda duka la spea, kijana akaipima betri ya zamani, akakuta imekufa kweli, akamuuzia mpya. Hakuna aliyeuliza imekufa kwa nini. Gereji moja ilimwambia abadilishe altaneta nzima kwa dola 450. Fundi mwingine alisema kuna waya unaokula moto usiku. Nyumbani tungelisukuma na kuendelea na maisha, lakini gia za gari hili ni za otomatiki. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mkiwa kumi.

Kifaa changu ni mita ya umeme ya dola 20. Nawashauri kila mwenye gari la zamani awe nayo, hata kama hajui jina la kitu kingine chochote chini ya boneti.

Tulianza na betri. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, yake ilisoma 11.4. Tukaichaji kwa chaja usiku kucha nyumbani kwangu, jikoni, mke wangu akilalamika. Asubuhi, kabla ya kuiunga, nikapima kama kweli kuna mwizi wa usiku: unatoa waya wa hasi kwenye betri, unapitisha mita katikati yake na betri, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Gari la umri huu halina kompyuta za kulisha. Ni saa na kumbukumbu ya redio tu. Mita ilionyesha miliampea 20. Kiasi hicho hakiui betri kwa usiku mmoja, wala kwa wiki. Fundi wa waya unaokula moto tukamweka pembeni.

Tukaunga waya, tukasubiri hita ploki zipashe, akapiga stata. Injini ikaitika, ule mngurumo wa silinda tano unaofanya watu wafungue madirisha. Nikapima tena betri, injini ikiwa inazunguka. Volti 12.2. Ingepaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.2. Yaani altaneta haikuwa inachaji. Gari lilikuwa linaishi kwa akiba, na akiba ikiisha anauziwa betri.

Lakini mbona halikuwahi kumzimikia njiani? Hapo ndipo dizeli ya zamani humficha mwenye gari. Injini ya petroli huhitaji cheche, na cheche huhitaji umeme. Altaneta ikifa, utaachwa barabarani siku hiyo hiyo. Injini hii ikishawaka haihitaji umeme wowote kuendelea. Mafuta husukumwa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe, na hata kuzimwa huzimwa kwa mvuto wa hewa. Angeweza kuendesha hadi Houston bila altaneta. Tatizo ni asubuhi inayofuata, hasa ya baridi, kwa sababu hita ploki tano na stata hunywa betri kama ngamia.

Mzee alitaka tukanunue altaneta. Nikamwomba nusu saa. Nyuma ya altaneta ya Bosch ya gari hili kuna regyuleta ndogo iliyoshikwa kwa skrubu mbili, na ndani yake makaboni mawili yanayosuguana na kinachozunguka. Yakiisha, huchaji. Ni spea ya bei ndogo, na watu wengi hutupa altaneta nzima kwa sababu yake. Nikaitoa. Makaboni yalikuwa marefu, zaidi ya sentimita moja. Nikairudisha nikiwa nimeaibika kidogo, maana nilikwisha kumwambia mama wa nyumba kwamba ugonjwa ni huo.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikazungusha ufunguo bila kuwasha injini, nikatazama dashibodi. Taa ya hita ploki iliwaka. Ya breki ya mkono iliwaka. Ile yenye picha ya betri ilikuwa giza.

"Papa, hii taa huwa inawaka?"

"Haiwakake hata siku moja," akasema kwa fahari. "Ile ni muzuri."

Na ungedhani hivyo. Taa nyekundu isiyowaka ni habari njema kwa dereva yeyote. Ila taa hii ina kazi mbili. Kabla injini haijawaka, altaneta haina sumaku ya kutosha kuanza kutengeneza umeme. Inahitaji kuamshwa kwa moto kidogo kutoka kwenye betri, na moto huo hupita katikati ya balbu hiyo. Ndiyo maana lazima iwake unapofungua ufunguo, kisha izime altaneta ikiamka. Balbu ikiungua, altaneta hailaumiki kwa kulala, na hakuna taa ya kukwambia kwamba imelala. Wakati mwingine injini ikizunguka kwa kasi, sumaku kidogo iliyobaki ndani huiamsha yenyewe. Hiyo ndiyo sababu wiki alizopita barabara kuu gari lilikuwa zima, na wiki alizozunguka hapa mtaani lilikufa.

Sikutaka kumwambia bila kuhakikisha. Injini ikiwa inazunguka, nikachukua taa ndogo ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine nikaugusisha kwenye waya mwembamba wa buluu wa altaneta. Mita ikaruka kutoka 12.2 hadi 13.9. Mzee aliiangalia ile namba, akaniangalia mimi, akamwita mkewe aje aione.

Kupata balbu kulichukua muda kuliko kuugundua ugonjwa. Kompyuta ya duka la spea ilimuuliza kijana mwaka, injini na mambo mengine saba, kisha ikasema haina. Alijitolea kutuuzia ya LED. Tukakataa: LED hupitisha moto kidogo mno, itawaka vizuri na altaneta haitaamka. Kuna Mercedes-Benz Classic Center kule California wanaouza spea za magari ya zamani, na maduka ya intaneti yanazo pia, lakini posta ingechukua siku ambazo karatasi ya chungwa haikutupa.

Tukaenda jalala la magari, la kujifungulia mwenyewe, kusini mwa mji. Unalipa kiingilio kidogo, unaingia na spana zako, magari yamepangwa juu ya marimu kama samaki sokoni. Mzee alitembea safu hadi safu kimya. Tulikuta 300TD moja, ya familia, mlango wa nyuma umekwisha kwenda, injini nayo, lakini dashibodi ipo. Balbu nne, dola moja kila moja, na mhudumu akatushangaa kwamba tumekuja kwa ajili ya hizo tu.

Dashibodi ya gari hili huvutwa kwa mkono, imeshikwa na raba. Tahadhari moja: geji ya presha ya oili haitumii umeme, oili yenyewe huja hadi pale kwa bomba jembamba. Ukivuta kwa pupa utaoga. Tulivuta taratibu, balbu ikaingia.

Wengine walimshauri achukue namba za gari la kale, zinazotolewa Texas kwa gari lenye miaka 25 na zaidi na kudumu miaka 5. Ni nafuu, lakini gari la namba hizo ni la maonyesho na gwaride, haliruhusiwi kukupeleka kazini kila siku. Mzee akabaki na namba za kawaida.

Jioni ile alizungusha ufunguo. Picha ya betri ikawaka nyekundu. Akawasha, ikazima. Akazima gari, akarudia tena, mara tatu, watoto wakiwa wamesimama na mpira wao. Halafu akabandua ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda kazini.

Saa ya dashibodi bado imesimama saa nne kasoro. Kwa gari hili huwa ni kapasita moja ndogo, kazi ya kulehemu. Tumekubaliana baridi ikiisha.