Uzee Si Jina la Ugonjwa

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata hivyo, nyanya mmoja wa Kitisuru, mwenye umri wa miaka 76, hakuficha lolote. Kwa miezi mitano aliwaambia jamaa zake kwamba kile kilima kifupi cha kutoka langoni hadi barabarani kilikuwa kikimwibia pumzi. Nao walimjibu kwa upole, "Ni uzee, nyanya." Wengine waliulaumu mwinuko wa Nairobi, unaozidi mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali alikuwa ameishi humo miaka 40.

Mbele ya daktari wa kwanza, mjukuu wake alitangulia kumsemea kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakiruhusiwi hospitalini. Maneno yote ya nyanya yakafupishwa kuwa shida ya kupumua. Ikaandikwa pumu. Dawa ya kuvuta haikumfaa.

Daktari wa pili alimwomba mjukuu anyamaze. "Mama, niambie kwa maneno yako."

"Nikiketi, sina neno," alisema. "Nikipanda kilima natweta, moyo unapapa, macho yanaingia giza. Yalianza baada ya mguu huu kuvimba."

Mguu! Hakuna aliyekuwa ameuuliza. Picha ya eksirei ilionyesha mapafu yasiyo na kasoro, jambo lililomzidishia daktari shaka: ikiwa mapafu ni mazima, pumzi inapotelea wapi? Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kilibainisha kuwa upande wa kulia ulikuwa umetanuka kwa kusukuma damu penye kizuizi. Hatimaye picha ya CT, iliyopigwa baada ya kudungwa dawa ya kudhihirisha mishipa, ilifichua madonge ya damu katika ateri za mapafu yote mawili. Safari hiyo ilielezwa na tabibu Mjerumani, Rudolf Virchow, katika karne ya 19: donge huganda katika mshipa wa mguu, likang'oka, likapitia moyoni na kukwama mapafuni.

Nyanya alianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, apimwe tena baada ya miezi 3, maana madonge mengine hayayeyuki. Hugeuka makovu, na huenda yakahitaji upasuaji.

Kilima kingali palepale. Nyanya hukipanda akipumzika mara mbili, na mjukuu, akiwa kando yake, humuuliza anavyojisikia, kisha husubiri jibu hadi mwisho.