Kutoka Marsabit Hadi Sibiloi

Inshallah kiangazi hiki twaazimia kusafiri kwa gari pamoja na watoto, kutoka mbuga ya taifa ya Marsabit, yenye msitu na ukungu, tulivuke jangwa la Chalbi hadi mbuga ya Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana. Chalbi ni sakafu ya chumvi. Ikinyesha mvua hugeuka tope la kunasa magari.

Lililotushughulisha zaidi ni maji. Mzee wetu alitaka pipa zima la udhu. Sisi twawahofia watoto, maana maji ya Turkana yana magadi. Tulijadiliana hata usiku ukawa mkubwa, kisha yeye mwenyewe akatukumbusha ruhusa ya kutayamamu maji yakihitajiwa kwa kunywa. Gari la pili hatujalipata bado, na bila ya hilo hatuondoki.