Supu ya Boga Iliyovuka Hadi Lubumbashi

Kwa mtoto wa Lubumbashi wa mwishoni mwa miaka ya 1960, Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, ilikuwa nguo mpya, wali na kuku. Ndiyo maana kijana mmoja wa sekondari alishangaa mwalimu wake wa Kifaransa, mtu wa Haiti, alipomwita nyumbani asubuhi ya Januari mosi na kumpakulia supu ya boga. Boga! Kwao lilikuwa chakula cha siku yoyote. Leo kijana huyo ni babu mwenye wajukuu, na bado huisimulia supu hiyo kiungo kwa kiungo: nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye ndimu, kitunguu saumu na karafuu, kabichi, karoti, viazi, makaroni, na pilipili moja nzima ikielea juu, ole wake atakayeipasua.

Wahaiti hawakuwa wachache Kongo enzi hizo. Uhuru wa 1960 uliikuta nchi haina walimu wa kutosha, na kwao Haiti wasomi walikuwa wakimkimbia dikteta François Duvalier. Walijua Kifaransa na hawakuwa Wabelgiji. Umoja wa Mataifa ukawaajiri kwa mamia. Mhaiti Raoul Peck, aliyekuja kutengeneza filamu kuhusu Lumumba, alilelewa Kinshasa kwa sababu ya safari hizohizo.

Mwalimu alisimulia huku wageni wakila. Haiti ilipokuwa koloni la Wafaransa, Saint-Domingue, tajiri kwa sukari na kahawa, watumwa ndio waliolima boga na kupika supu. Walioila ni mabwana. Wengi wa watumwa wa miaka ya mwisho walitolewa Kongo, wengine walipakiwa melini hata Msumbiji na Kilwa. Januari 1, 1804, Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru mjini Gonaïves. Siku hiyo, Wahaiti husema, mkewe Marie-Claire Heureuse aliagiza supu igawiwe kila mtu. Kijana wa Lubumbashi, ambaye shuleni alikuwa amekaririshwa majina ya wafalme wa Ubelgiji, aliomba bakuli la pili.

Supu yenyewe haijatulia. Makaroni yaliingia baadaye, na wapo wazee wa Port-au-Prince wasioyakubali mpaka leo. Huko Miami na Montréal boga hununuliwa likiwa limegandishwa, na vijana wasiokula nyama huweka uyoga. Desemba 2021 UNESCO iliiandika supu hiyo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, kitu cha kwanza cha Haiti kuingia humo. Kwa chakula kilichokwisha kuliwa Januari zaidi ya mia mbili, heshima hiyo ilichelewa.

Mzee wetu wa Lubumbashi naye huipika, kwa boga la sokoni, lolote lililoiva. Haiti majirani hupelekeana mabakuli asubuhi hiyo, kisha hubishana ya nani imekolea. Yeye pia hupeleka mtaani, ila hakuna wa kushindana naye: wenzake humrudishia chupa ya bia ya Simba.