Kompyuta si ya wavulana peke yao

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tuliombwa tuandike juu ya masomo ya kompyuta. Tutaandika, lakini kwanza tuungame kosa letu.

Mnajua kompyuta zetu ni chache, na siku ya mawingu sola inakataa, hata hizo chache zinazima. Basi wanafunzi wanakaa watatu watatu kwenye mashine moja. Mvulana anakaa katikati anashika kibodi, wasichana wawili wanakaa pembeni wanaangalia. Tuliona hivyo miezi mingi tukanyamaza. Tulijiambia, si wanaona? Kumbe kuangalia anayepika si kupika.

Siku moja tulipita kwenye foleni ya maji tukamkuta mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka 15. Jina lake hatulitaji. Alikuwa amekaa juu ya bidoni, na magotini ana kipande cha katoni. Amechora humo herufi zote za kibodi kwa mpangilio wake, na vidole vinapiga. Tukamwuliza, "Unafanya nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Ninajizoeza, mwalimu. Darasani zamu yangu haifiki."

Tuliona aibu kweli kweli. Na kabla hatujarekebisha mambo, akaacha kuja.

Tulienda kwao. Mama yake alitupokea vizuri, akatupa vigoda, kisha akasema: "Walimu, mimi niko peke yangu na watoto watano. Maji, kuni, mgao, vyote vinaningoja. Na huyu, hiyo kompyuta ataipata wapi? Sisi ni wakimbizi."

Hatukuwa na jibu la haraka. Tukamsimulia habari ya mwanamke mmoja, naye alikuwa mkimbizi. Tunataka na ninyi muisikie.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, lakini kwa sababu ni Myahudi, serikali ya Hitler ikamwondoa kazini. Mwaka 1939, kabla tu ya vita, wazazi walimpandisha treni pamoja na dada yake, waende Uingereza. Yeye alikuwa na miaka 5, dada yake 9. Watoto karibu 10,000 waliokolewa kwa safari za namna hiyo, bila wazazi. Walipokelewa na watu wasiowajua, na lugha hawaijui. Wengi wetu humu tunajua safari kama hiyo ni nini.

Mtoto huyo alipenda hesabu. Shule yake ya wasichana haikuweza kumfundisha, ikabidi aende kusoma hesabu shule ya wavulana. Mwaka 1951 akapata uraia, akaitwa Stephanie. Akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti cha posta, na huko akakutana na kompyuta za mwanzo. Mchana kazi, jioni masomo, miaka 6, mpaka akapata digrii ya hesabu.

Kazini akaona wanawake hawapandi cheo. Basi mwaka 1962, akiwa ameolewa na Bwana Shirley, akaanzisha kampuni yake ya kuandika programu. Mtaji ulikuwa pauni 6, na ofisi ilikuwa meza ya chakula nyumbani kwake. Aliandika barua nyingi kuomba kazi, hakujibiwa. Mume wake akamshauri atie sahihi "Steve", jina la kiume. Majibu yakaanza kuja! Walipomwona mlangoni kwamba ni mwanamke, walikuwa wameshakubali kuzungumza.

Na wafanyakazi wake? Katika watu 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Wengi walikuwa mama waliokuwa wameacha kazi kwa ajili ya watoto. Walifanya kazi nyumbani. Waliandika programu kwa penseli na karatasi, ndipo baadaye zinaingizwa kwenye mashine. Hivyo ndivyo walivyoandika programu ya chombo cha kunasa habari za safari katika ndege ya Concorde, iliyopita sauti kwa kasi.

Hapo mama yule akatukatiza. "Penseli na karatasi? Hawakuwa na kompyuta nyumbani?" Tukamwambia hapana. Akamgeukia binti yake, akakitazama kile kipande cha katoni pale ukutani.

Tukamweleza kwamba programu ni maagizo tu, moja baada ya jingine. Kama maji yamechemka, tia unga. Kama bado, ngoja. Mashine haikisii kitu, lazima uiambie kila hatua. Mama akacheka: "Basi ni kama kumtuma mtoto mdogo dukani."

Ndiyo, mama, ni hivyo hivyo.

Lakini akasema tena, "Yeye walimpa uraia. Huyu wangu nani atampa?" Hapo alisema kweli, na hatukumdanganya. Elimu ya kompyuta si tiketi, na hatuwezi kumwahidi mtu kazi. Tulimjibu tunachokijua tu: tulipokimbia, nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, shamba lilibaki. Kusoma na kuandika tulikuja nako. Hakuna aliyetupora njiani.

Stephanie Shirley aliugawia wafanyakazi wake sehemu ya kampuni, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Mtoto wake wa pekee alikuwa na usonji, akafariki mwaka 1998, na mama huyo akatoa mali nyingi kusaidia watu wenye hali hiyo. Alifariki mwaka 2025, ana miaka 91. Alikuwa akisema kwamba aliokolewa akiwa mtoto, kwa hiyo ilimpasa aishi maisha yanayostahili kuokolewa.

Sasa habari za hapa kwetu. Binti yule amerudi, siku mbili kwa wiki. Siku hizo kaka yake mdogo ndiye anapanga foleni ya maji. Si kamili, lakini ni mwanzo. Na sisi darasani tumeweka saa mezani: kila mwanafunzi dakika 10 kwenye kibodi, mvulana au msichana, kisha anampisha mwenzake. Wavulana walinung'unika wiki ya kwanza. Sasa wamezoea.

Wazazi wapenzi, tunawaomba kitu kimoja. Msituletee pesa, hatuzitaki. Tupeni mabinti zenu hata siku moja kwa wiki, na bidoni mpeni kaka yao. Hatakufa!

Ni sisi walimu wenu.