Nyama ya Waya



Kazi ya kuwaongoza wageni porini kwa miguu haijulikani sana, hata kwetu sisi tunaokaa kando ya Hifadhi ya Saadani. Watu huyaona magari ya watalii yakipita na vumbi, wakadhani kila aingiaye porini huingia ndani ya gari na kutoka ndani ya gari. Lakini wako wageni wapendao kutembea, nao hawawezi kwenda bila mtu wa kuwatangulia. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ndiyo kazi yake kwa miaka mingi. Naandika habari zake kwa sababu mwaka huu maneno yake yaliamsha mabishano makubwa katika kigango chetu, na mpaka leo wako wasiokubaliana naye.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Mjomba huamka kabla ya alfajiri, akatia jivu katika kimfuko cha kitambaa chepesi. Akikitikisa, jivu hupeperuka, naye hujua upepo unatoka wapi. Mnyama akinusa watu kutoka mbali atakwenda zake. Akishtushwa karibu, atapiga. Kwa hiyo mtu wa miguu hutazama upepo kila baada ya hatua chache. Wageni hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, bila mazungumzo, na mbele yuko askari wa hifadhi mwenye bunduki. Nguo za buluu na nyeusi huzikataa, maana mbung'o huzipenda rangi hizo kupita zote. Mama mmoja wa Kizungu hakusadiki, akaja na suruali yake ya buluu. Mjomba asema hawakufika mbali kabla hajaomba mwenyewe kurudi kubadili.

Simba hamwogopi sana, kwa kuwa simba wengi wakimwona mtu aliyesimama wima huondoka. Amwogopaye ni mbogo dume mzee, yule aliyeachana na kundi na kukaa peke yake vichakani. Wako ndege wadogo wanaokaa mgongoni mwa mbogo wakila kupe. Wakiruka ghafula kwa kelele, Mjomba husimama hapo hapo na kuinua mkono. Tena kando ya mto Wami hakubali mtu asimame kati ya kiboko na maji.

Na kwa kuwa nimewataja mbung'o, niseme neno moja. Zamani upande wa Mkwaja palikuwa na ranchi kubwa, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, yenye maelfu ya ng'ombe. Dawa ilitumika, majosho yalijengwa, lakini ugonjwa wa nagana haukwisha, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi yake ikaunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, pori linaloshuka mpaka ufukoni ambako kasa hutaga mayai. Mimi naona mbung'o wamelilinda pori lile kuliko sheria nyingi.

Sasa, wasomaji wasidhani kwamba Mjomba ni mtu wa kuwalilia swala. Yeye ni mtoto wa mwindaji. Babu yangu alikuwa na gobore, akikata leseni kwa Bwana Nyama kila ilipompasa, na Mjomba akiwa kijana ndiye aliyembebea baruti na maji. Nyama ilipopatikana iligawiwa: mguu kwa huyu, kifua kwa yule, na wajane hawakusahauliwa. Jike mwenye mimba hakupigwa. Mwindaji aliyempiga hakusifiwa, na wazee walimwuliza kama macho yake yalikuwa mazima.

Baadaye alikwenda kusini, Selous, akafanya kazi ya kufuata nyayo katika kampuni ya uwindaji. Kazi ile ilikuwa imerudi karibuni tu, maana mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini, ikafungua tena mwaka 1978. Watu wengi hufikiri kwamba uwindaji ukifungwa wanyama hupona. Mjomba hupenda kuwajibu kwamba katika miaka ile ile mwenye leseni alizuiwa, na jangili, ambaye hakuwa na leseni tangu mwanzo, hakuzuiwa na lolote. Faru wa Mkomazi walikwisha kabisa. Ilibidi waletwe wengine kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, na mwaka 2012 wakaja watatu kwa ndege kutoka Uingereza. Hebu fikirini, nchi iliyojaa faru zamani za babu zetu inaletewa faru kutoka Ulaya! Tena si mambo ya kale tu. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kama 109,000, na mwaka 2014 walikuwa kama 43,000.

Basi turudi kigangoni. Tulikuwa tukitayarisha sikukuu ya somo wetu, na katika mkutano wa kamati mjumbe mmoja akasema kwamba yuko mtu awezaye kutuletea nyama kwa nusu ya bei ya bucha. Hakutaja ni nyama gani, wala hapakuwa na haja. Kila mtu pale alijua nyama inayopita usiku juu ya pikipiki ndani ya magunia ya mkaa. Wengine wakatazama chini, wengine wakacheka, na wako waliosema wazi kwamba mwaka huu fedha za michango ni chache na watoto wanataka kula. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika, lakini niliinua kalamu na kuuliza kama niandike neno hilo katika kumbukumbu za mkutano. Pakawa kimya. Baba Paroko akasema neno lisiandikwe kwanza, ila niende kumwita Mjomba aje atueleze habari za porini, kwa kuwa yeye anazijua.

Wengine walishangaa, maana Mjomba ni Mwislamu. Kwetu pwani jambo hilo si geni. Mama yangu alibatizwa alipoolewa, na ndugu zake wakabaki katika dini yao, na siku ya Pasaka hula kwetu na siku ya Idi sisi hula kwao. Alikuja amevaa kanzu na kofia, akaketi karibu na mlango.

"Mimi sikuja kuwafundisha dini yenu," alisema. "Ila nyama ya waya mimi siwezi kuila, kwa sababu haikuchinjwa. Imekufa yenyewe, na pengine imelala siku mbili juani. Ninyi mtajua wenyewe."

Kisha akaeleza juu ya waya, na hapo ndipo nilipoona watu wanasikiliza kweli. Mwindaji mwenye bunduki, alisema, huona anachopiga. Atamwacha jike, atamwacha mtoto, atamchagua dume aliyezeeka. Waya hauoni. Mtu mmoja hutega nyaya hamsini katika njia ya maji, akarudi akatazama kumi, nyingine akazisahau, nazo huendelea kuua miaka na miaka bila mwenyewe. Alimkuta kuro jike, waya umeingia shingoni mpaka kwenye nyama, bado anatembea, na mtoto nyuma yake. Wageni waliokuwa naye walilia. Yeye hakulia, lakini alisema asubuhi ile alikata safari na kurudi, wala hakutaka kulipwa.

Akataja pia ugonjwa wa kimeta. Mnyama aliyekufa kwa kimeta akichunwa na kuliwa, humwambukiza mchunaji na mlaji, na nyama ya gunia haina daktari aliyeikagua. Kwa hao wasioweza kuishi bila nyama ya porini, akasema, tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye kibali, basi waitafute huko.

Akasimama mama mmoja mjane, mtu wa sala sana, ambaye shamba lake liko karibu na mpaka.

"Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nimeyasikia. Lakini nguruwe na nyani wamekula muhogo wangu miaka mitatu, na mwaka jana tembo wakamaliza mahindi. Hakuna aliyekuja hata kutazama. Mwanangu akitega waya mmoja atafungwa, na twasikia redioni watu wanapewa miaka 20 kwa nyama. Mgeni akija na fedha zake anaua mbogo, anapigwa picha juu yake, na tunaambiwa huo ni uhifadhi. Hilo nalo utueleze."

Mjomba alikaa kimya kwa muda. Nilidhani ataeleza tofauti ya hifadhi ya taifa, ambamo hakuna awindaye, hata mgeni, na pori la akiba, ambamo mwenye leseni huwinda. Angeweza, na ingekuwa kweli. Lakini hakufanya hivyo.

"Marahaba, dada yangu," alijibu. "Mimi nimefuata nyayo za mbogo kwa ajili ya wageni hao, wala sioni haya, maana mnyama alikuwa dume mzee na leseni ilikuwa mkononi. Lakini fedha za mgeni zikimruka mtu wa shamba zikaenda mbali, siwezi kukutetea jambo hilo. Mimi nalipwa na pori. Wewe pori linakula kwako. Mtu hawezi kulinda kinachomla."

Neno hilo la mwisho lilisemwa sana kijijini baadaye, na kila mtu alilivuta upande wake. Wenye nyaya walisema, mnaona, hata yeye amekubali. Naye hakukubali hata kidogo, maana aliendelea kusema kwamba kijana anayetega waya harudishi mahindi ya mama yake. Anamuuzia mwenye pikipiki, naye mwenye pikipiki anauza mjini kwa faida mara mbili, na akikamatwa mtu, anayefungwa ni kijana.

Baba Paroko naye alisema machache. Alitukumbusha kwamba Katekisimu ya Kanisa yaruhusu mtu kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, tena yasema haipatani na heshima ya mwanadamu kuwatesa au kuwaua bila sababu. Akataja na waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa mwaka 2015, Laudato si', unaounganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Nami niliona kwamba siku ile vilio vyote viwili vilikuwa katika chumba kimoja, kimoja kimekaa mlangoni na kimoja kimesimama kati ya madawati.

Nyama ya gunia haikununuliwa. Tulinunua mbuzi wawili, na maharage mengi, na wali ukawa wa kutosha. Jumuiya moja haikuleta mchango wake, na watu wake walisema kwamba wageni wa Ulaya wamepewa heshima kuliko Wakristo wa kigango. Sikubaliani nao, lakini najua mashamba yao yako wapi.

Kuhusu malipo, Mjomba ndiye aliyenionyesha njia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na kwa mazao kifuta jasho kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Kwa kanuni hizo, aliye karibu na mpaka, yaani yule anayeliwa zaidi, alipata kidogo zaidi. Na wanyama waliotajwa ni kama tembo, mbogo na kiboko. Kwa hiyo muhogo ulioliwa na nguruwe tuliuacha nje ya orodha, na mama yule alisikitika, maana kwake muhogo ndio mkubwa.

Tulikwenda na afisa mtendaji wa kijiji na Mjomba, tukapima shamba kwa shamba. Mjomba alitazama nyayo na mavi na namna mabua yalivyovunjwa, akasema hapa tembo watatu, mmoja mtoto. Hapa si tembo, ni ng'ombe wa jirani. Mwenye shamba hilo la mwisho alinuna. Nyumba sita zimeandikwa, barua imepigwa chapa na kupelekwa wilayani, na nakala nimeibandika ubaoni mlangoni pa kanisa. Kila Jumapili baada ya Misa mama yule hupita kuitazama, kisha huja kuniuliza kama kuna majibu.